Ufunguo wa Nyumba ya Upeponi

Hapo zamani, na wala si zamani ya fisi kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu ambayo wenyewe wanaomba muisahau, palikuwa na mji ukiitwa Chokaani. Mji ulikuwa na kiwanda cha saruji, kiwanda kilikuwa na matanuri mawili, na matanuri yalikuwa na moshi. Upande upepo unakotoka, Bwana Shekue, mwenye kiwanda, alijenga nyumba tano. Upande upepo unakokwenda, tulijengewa na Mungu sisi wengine.

Siwema alikaa huko unakokwenda, na mjukuu wake Mkasi, mtoto mgonjwa wa kifua. Daktari alimwambia, "Bibi, mhamishe." Amhamishie wapi, hilo daktari hakulisomea.

Siku moja Ngwali, mbeba magunia, alichoka na moshi, akaenda akalala getini mbele ya malori ya makaa ya mawe. Lori likamkanyaga mguu. Hakuondoka, wala makaa hayakuingia. Mwisho Shekue, kwa aibu ya wanunuzi wake, akatangaza: "Atakayeniondolea moshi huu, nampa nyumba moja ya upeponi."

Siwema akapita mlango kwa mlango akiomba vifuu vya nazi. Tanuri likala vifuu badala ya makaa. Moshi ukapungua. Haukwisha, ulipungua.

Injinia Kidawa, msichana wa hapohapo aliyesomea mambo hayo, akasema, "Hata mkiwasha kwa manukato, jiwe la chokaa lenyewe likiungua hutoa hewa chafu. Tuchome jiwe kidogo, tuchanganye na udongo uliookwa." Wakachanganya, saruji ikashika, tanuri moja likazimwa. Moshi ukapungua. Haukwisha, ulipungua.

Shekue akatoa ufunguo, akauweka mezani. Nyumba yenyewe ile ya mlinzi, chumba kimoja. Watatu wakaukodolea macho.

Ngwali akagonga mkongojo. "Nisingelala pale, nani angeuona huo moshi? Mmevuna nyinyi, shamba nimelima mimi kwa mguu wangu!"

"Ulilala, ndiyo," akasema Siwema. "Na geti likafungwa, zahanati ya kiwanda iko ndani. Mkasi akatapatapa nje kama samaki. Shujaa mzima, umezuia makaa na dawa!"

"Na wewe, mama vifuu? Vifuu vya mke wangu umevibeba, sasa anapikia kuni mbichi, macho yamemwiva kama pilipili. Hukuuondoa moshi, umeuhamishia jikoni kwa wenzio."

Kidawa akaguna. "Mnagombana bure. Jiwe lingetoa moshi mpaka kiama. Aliyelinyamazisha ni mimi."

"Umelinyamazisha pamoja na sufuria langu," Siwema akamjibu. "Tanuri ulilolizima ndilo lililokuwa likimlisha baba yake Mkasi. Kaenda kutafuta kazi, hata salamu haziji."

"Ulitaka moshi uishe na tanuri liwake, shangazi? Mimi nina mimba, nalala moshini kama wewe."

Nje Mkasi akaanza kukohoa. Wote watatu wakageukia mlango, wakingoja amalize. Hakumaliza.

Shekue akatazama saa. "Mkishindwa kuelewana mpaka adhuhuri, nyumba naweka magunia." Akashika njia yake ya upeponi, kwenye zile nne zilizobaki, na hakuna hata mmoja aliyemwita arudi kumuuliza hizo alizistahili kwa lipi.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu mkishashiba. Msiniambie wagawane, chumba ni kimoja. Msiniambie apewe mtoto kwa kuwa ni mtoto. Tumboni mwa Kidawa mnadhani mna nini, kiazi? Na mguu wa Ngwali haurudi kwa pole. Semeni upesi, adhuhuri inafika, na mkono wa Siwema umeshafika mezani.

Je, ufunguo ule ni wa nani?