Kiganja cha Mwalimu Semkiwa

"Anayenusa viganja vya watu, aanze na chake." Nimesema, na sasa mnanikodolea macho kama nimeitunga papa hapa ili niwanyamazishe na ugomvi wenu wa nani kaharibu redio. Sikuitunga. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Korogwe, na mimi nilikuwepo. Kaeni basi, na asinikatize mtu.

Babu yenu Hoza alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa kwenye kiwanja cha mtaa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mwalimu Semkiwa, mwalimu mkuu mstaafu. Enzi zake shuleni, machungwa yakiibwa, aliwapanga watoto mstari, viganja juu, akapita akinusa kimoja kimoja. Alimpata mwizi kila mara, au ndivyo alivyoamini.

Mwalimu alikuwa na gari la ajabu, halina springi hata moja. Lilisimama kwa mafuta. Ukiwasha injini, pampu inasukuma mafuta miguuni, gari linainuka taratibu kama ngamia. Lilipoanza kuinama nyuma, babu yenu alibadilisha mipira inayozuia mafuta yasivuje. Likakaa sawa wiki mbili, likainama tena. Akabadilisha tena, nalo likarudia yale yale.

Hapo maneno yakaanza. Mwalimu akatangaza mtaani kwamba fundi analiharibu kusudi, maana gari lililala uani kwake yeye Mwalimu, ukuta mmoja na gereji yetu. Watu wakaacha kutuletea magari. Walioniamkia waliniamkia huku wakitazama pembeni. Nami nilikuwa na mimba ya mama yenu, na kile kiwanja ndicho kilichotulisha. Niliogopa, sitawaficha.

Siku moja babu yenu akafungua tangi la mafuta mbele ya Mwalimu. Mafuta ya gari lile ni ya kijani. Haya yalikuwa na rangi ya matope, yananuka breki. Akachomoa mpira mmoja, ukabonyea kidoleni kama andazi lililolowa chai. Akasema kuna mtu anatia mafuta ya breki humu, na hayo yanakula mipira ya aina hii. Kisha akamuuliza Mwalimu, kwa heshima zote, yeye anaongeza nini nyumbani.

Mwalimu akawaka. Alisema anaongeza mafuta ya gari lake, kutoka kopo lake, kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na asiulizwe kama mtoto. Tena, akasema, wiki nzima pale gereji hakujafunguliwa breki ya mtu, kwa hiyo mkono wenye harufu hiyo ni mkono wa mharibifu. Kesho saa mbili angekuja kunusa. Akimpata, gereji inang'oka.

Kweli alikuja, na mtaa mzima ukaja nyuma yake. Alimnusa babu yenu, akakuta sabuni. Akamnusa Mzingo, mchomeleaji tuliyekuwa naye pale, akakuta kutu. Akaninusa na mimi niliyekuwa nakaanga sambusa, akakuta vitunguu.

"Bado kimoja, Mwalimu," nikasema.

"Cha nani?"

"Chako."

Binti mdogo kama mimi kumwambia mzee vile! Mwalimu akacheka, akakiinua kiganja chake puani ili atuonyeshe. Akanusa. Akanusa tena, na kicheko kikamwisha. Akaenda nyumbani, akarudi na kopo kuukuu lisilo na karatasi ya jina, aliloachiwa na dereva wake wa zamani. Babu yenu akachovya kidole.

"Haya ndiyo ya breki, Mwalimu," akamwambia.

Kila asubuhi mzee yule alikuta gari limeinama, akaliongezea sumu ile ile iliyoliinamisha. Alisimama pale mbele yetu, kopo mkononi.

"Nimenusa watoto miaka thelathini," akasema. "Sijui wangapi nimewachapa bure."

Babu yenu alimletea maji na sabuni, akamnawisha. Kisha akasafisha mabomba yote, akatia mipira mipya na mafuta ya kijani, na gari likasimama wima. Mtaa ukapata msemo wa kuchekea, ukaenea mpaka sokoni.

Mimi sikucheka. Asubuhi ile, kabla Mwalimu hajafika, babu yenu akiwa bado kitandani, nami nikidhani amelala, nilikiinua kiganja chake taratibu nikakinusa. Mimi, mke wake.

Jioni tunakula, akanawa, akanyoosha mkono kwenye sahani, akaniambia bila hasira, "Mke wangu, leo wewe ndiye uliyenusa wa kwanza."

Nililirudisha tonge sahanini. Nilikuwa nimesahau kunusa changu, kiganja cha mke aliyekuwa tayari kumwacha mume wake peke yake mbele ya watu, kama chake kingenuka. Aibu ile ninayo hadi leo.

Haya, redio imeharibika, na kila mmoja wenu anamnyooshea mwenzake kidole. Anayenusa viganja vya watu, aanze na chake.