Jumba la Mazulia

Mcheka jumba kachungulia dirishani. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kaka yenu mkubwa, alipokuwa akizikejeli pikipiki mpya za vijana wa mtaa wa pili, naye akanywea kama aliyemwagiwa maji. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi, na imekuwaje kaka yenu akatoka nje. Kaeni basi, chai bado haijachemka. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, tumbaku ilipokuwa bado ndiyo mali ya Urambo, palikuwa na bendi ya dansi iliyoitwa Mtemba Jazz. Kiongozi wake alikuwa Maganga, mpiga gitaa la solo, mtu mpole asiyependa makuu. Mwimbaji wake alikuwa mwanamke, Nyamizi binti Kasele. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza Nyamizi katika dansi la Jumapili mchana, lile tulilokuwa tukiliita bugi. Sauti yake ilianza chini, kama mtu anayekunong'oneza siri, kisha ikapanda taratibu mpaka ukasahau glasi uliyoishika mkononi.

Lakini nje ya ukumbi ule sauti hiyo haikujulikana. Bendi ilikuwa imerekodi mara moja tu, katika chumba walichokitundikia magodoro ukutani ili kuzuia kelele. Kelele hazikuzuilika. Kanda ilipochezwa, jenereta ndiyo iliyosikika ikiimba, na Nyamizi akasikika kwa mbali kama mtu aliyezama kisimani. Walipoipeleka redioni, waliambiwa kwa upole warudi nayo siku watakapokuwa na kanda safi.

Ndipo Jumuiya ya Mwangaza ilipolichukua lile ghala kuu la tumbaku lililokuwa kando ya reli. Hawa walikuwa watu wa dini waliokuja na kwaya zao, na walikuwa na ndugu wa imani nchi za mbali waliowasaidia. Walilisafisha ghala, wakaliezua na kuliezeka upya, wakaligeuza studio. Mji ulishangaa. Kuta zilifunikwa mbao za mninga zilizong'arishwa mpaka zikaakisi sura. Chini palitandikwa mazulia, na mazulia mengine yakapandishwa ukutani. Kulikuwa na kinanda kikubwa chenye miguu minene kama ya ndovu, na mashine ya kupoza hewa ilhali hospitali ya mji haikuwa nayo. Milango ilifungwa bila kutoa sauti. Wasio wanakwaya hawakuruhusiwa kuingia.

Wanamuziki wa Mtemba Jazz wakapata cha kuchekea. Kila walipoketi kukaza nyuzi za magitaa, mmoja alianza na wengine wakadakia. Walisema kwamba Mungu husikia hata kilio cha bubu, sasa hao wanamnunulia vipaza sauti, je, amezeeka? Walisema kwamba katika jumba lile hata mende huvua viatu mlangoni. Aliyewashinda wote kwa kejeli alikuwa Nyamizi. Ulimi wake ulikuwa wembe, na alipolianza lile jumba, watu walishika mbavu.

Mwisho akalitungia wimbo. Ulikwenda hivi:

*Jumba la mazulia, mende wavua viatu,*
*Kinanda kimevikwa shuka kama bwana harusi,*
*Saa wameiziba mdomo kwa kitambaa cheupe,*
*Wanaogopa dakika zisiimbe kuliko wao.*

Ulipoimbwa katika bugi kwa mara ya kwanza, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Uliombwa tena na tena. Wiki ile ile wauza mihogo sokoni walikuwa wakiuimba, na wanakwaya wa Mwangaza walipopita, walipigiwa miluzi.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Nyamizi alikuwa akienda mashineni kusaga mahindi kwa njia ndefu. Njia fupi ilipita sokoni. Yeye alizunguka nyuma ya ghala, penye vichaka vya mikaratusi, kwa sababu kule nyuma kulikuwa na kidirisha kilichoachwa tangu enzi za tumbaku, cha kupitishia hewa. Alikuwa akitua debe lake la mahindi, akapanda juu ya jiwe, akaweka uso kwenye wavu.

Vitu alivyovicheka sivyo alivyokwenda kuvitazama. Alikwenda kuutazama ukimya. Wanakwaya walisimama mahali pao, na nyuma ya kioo mwalimu wao aliinua mkono. Wakati mkono ule uko juu, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegonga chupa wala kuburuta kiti. Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi ikingoja sauti ya mtu. Maishani mwake Nyamizi hakuwahi kungojwa hivyo. Alishuka jiweni kila mara kabla kwaya haijamaliza, akaenda zake mashineni.

Na koo lake lilikuwa na habari yake. Uvimbe wa tezi ulikuwa umemwota shingoni, akauficha kwa mtandio. Daktari alikuwa amemwambia kwamba lazima akapasuliwe Mwanza, asicheleweshe. Alipouliza kuhusu sauti yake, daktari alimwambia kwamba uhai atabaki nao, ila kuhusu kuimba hawezi kumwahidi. Nyamizi hakumwambia mtu. Alirudi ukumbini akaimba ule wimbo wa kejeli kwa nguvu zaidi, na watu wakacheka zaidi.

Siku moja alasiri bendi ilipokuwa mazoezini, mwalimu wa kwaya ya Mwangaza aliingia. Aliitwa Mwalimu Yeremia, mtu mwembamba, mwenye desturi ya kusikiliza kwa kuinamisha kichwa. Magitaa yalinyamaza. Maganga alidhani ameleta malalamiko, akampa kiti na kuanza kumwomba radhi kwa niaba ya vijana wake. Mwalimu Yeremia alikaa, akasema hakuja kwa ugomvi. Wimbo wenyewe ni mzuri, alisema, hata yeye ameshajikuta akiuimba bafuni. Kisha akamgeukia Nyamizi.

"Dada yangu, ile saa unayoisema kwenye wimbo ni ya zamani, ya ghala. Iko juu, nyuma ya mbao. Kitambaa nilikifunga mwenyewe, na aliye ndani haioni. Wanakwaya wangu hawajui kama ipo."

Nyamizi akaishika ncha ya mtandio wake.

"Anayeweza kuiona," Mwalimu Yeremia akasema kwa sauti ya chini, "ni mtu aliyesimama nje, kwenye kile kidirisha cha nyuma."

Wanamuziki wakatazamana. Salumu, mpiga besi, ndiye aliyepasuka kicheko kwanza, akasema maneno ambayo leo mmeyasikia: "Kumbe mcheka jumba kachungulia dirishani."

Wenzake wakaangua kicheko. Wakamtazama Nyamizi wakingoja awajibu, kwani hakuwahi kushindwa na neno. Nyamizi alikuwa bado ameshika ncha ya mtandio. Akaufungua, akauweka magotini. Uvimbe ukaonekana, na kicheko kikafa.

"Nimechungulia," akasema. "Nimechungulia tangu siku walipotandika mazulia. Nitapasuliwa hapa shingoni, na huenda nisiimbe tena. Nilitaka kabla ya hapo nijue sauti yangu ikoje pale ambapo hakuna kelele. Basi."

Maganga aliweka gitaa chini. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mwanamke huyo miaka yote, akidhani anajua kila kilichomo kooni mwake.

Mwalimu Yeremia alimwambia aje studio. Lakini jumba halikuwa lake peke yake. Wazee wa Jumuiya walikutana, na wengi walikataa. Walisema nyumba imewekwa wakfu kwa sifa za Mungu, sasa iimbiwe na mwanamke wa dansi, tena huyu aliyeifanya kichekesho cha soko? Baada ya mabishano marefu walituma neno kwamba Nyamizi anaweza kuingia iwapo ataimba wimbo wa kwaya, na ule wa kejeli auache.

Nyamizi alikwenda mwenyewe kuwajibu. Mkubwa wa wazee wale, Mzee Eliabu, alimpokea barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelisikia neno letu?"

"Nimelisikia. Wimbo wa kejeli nitauacha, na mnisamehe, mengi niliyasema kwa uchungu. Lakini baba, nikiimba dini nisiyoishika ili nipate kukanyaga zulia, hapo ndipo nitakuwa nimewacheka kweli."

Mzee Eliabu alimsogezea kigoda. Akamuuliza, ikiwa si huu wala ule, angependa kuimba nini.

Nyamizi alimweleza kwamba mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake waliochambua tumbaku katika ghala lile lile. Walikuwa na wimbo wao wa kuchambulia, wakiuimba huku wakipanga majani kwa daraja, vumbi likiwawasha macho. Mama alikufa, wachambuaji wakatawanyika, na sasa anayeujua wote ni yeye tu. Akauanza pale pale barazani, kwa sauti ndogo, ubeti mmoja.

Mzee Eliabu aliinamisha kichwa. Ujanani, kabla ya kuokoka, alikuwa mbeba marobota katika ghala lile. Midomo yake ilianza kucheza, na ubeti ulipofika kwenye kiitikio, akaitikia. Walipomaliza akasema, "Nyumba ile iliujua wimbo huo kabla haijajua zaburi. Njoo kesho, mwanangu."

Siku iliyofuata Mtemba Jazz walivua viatu mlangoni, na hakuna aliyethubutu kusema habari za mende. Walisimama ukutani kama watoto waliopelekwa ugenini. Nyamizi alisimama peke yake katikati ya zulia. Mwalimu Yeremia, nyuma ya kioo, akainua mkono, na ule ukimya ukaja. Nyamizi aliusikia moyo wake na pumzi yake. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikuwa ikimngoja yeye. Hakuharakisha. Aliacha ukimya umjae kwanza, ndipo akaimba wimbo wa mama yake, wote, bila ngoma wala gitaa. Maganga alisimulia baadaye kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kuusikia mwisho wa sauti ile, jinsi ilivyofifia polepole kabla ya kwisha, kwa sababu ukumbini mwisho huo ulimezwa na makofi siku zote.

Alikwenda Mwanza, akapasuliwa, akapona. Sauti ya kusemea ilirudi, nzito na yenye mikwaruzo. Ya kuimbia haikurudi. Alipochezewa kanda iliyorekodiwa siku ile studio, aliisikiliza amefumba macho, kisha akaomba irudiwe. Mwalimu Yeremia alimuuliza kama ameridhika. Akajibu, "Nimefurahi, Mwalimu. Lakini kiu haijaisha. Sasa namtamani huyo anayeimba."

Kanda ilipelekwa redioni, na nchi ikamsikia. Yeye aliendelea kukaa Urambo, akawafundisha wasichana wa mji kuimba, wa kwaya na wa dansi pamoja, wala hakuwabagua. Na kila alipomsikia mmoja wao akikejeli nguo ya mwenzake, au ndoa yake, au safari yake, hakumkemea. Alimvuta karibu, akamuuliza taratibu ni kitu gani anakitaka na anaogopa kukisema. Wengi walilia kabla ya kujibu.

Maneno ya Salumu yalitoka kama mzaha, mji ukayaokota, yakavuka reli, yakafika kwetu. Sasa nadhani mmeelewa kwa nini shangazi yenu hakuyasema kwa hasira, na kwa nini kaka yenu ameondoka, akaenda kusimama peke yake pale barabarani pikipiki zinapopita. Mkamwite aje anywe chai, na msimcheke. Mcheka jumba kachungulia dirishani.