Kaburi la Kiboko Katikati ya Uwanja

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kiwanja.

Kina mpira?

Kina mpira, na mpira una mwenyewe.

Mwenyewe yuko wapi?

Amekufa. Sogeeni niwaambie.

Kiboko alikufa Jumanne alasiri, akibishana na mwamuzi. Mwamuzi alisema mpira umetoka. Kiboko alisema haujatoka. Akafura, akapiga kelele, akaanguka, puuu! Mpira ulikuwa umetoka.

Kiboko ndiye aliyekuwa mwenye timu ya Radi, timu ya wanyama wadogo. Kobe alidaka, Digidigi alicheza pembeni, na ukoo wa Kindi ulijaza nafasi zilizobaki. Kiboko aliimiliki timu hiyo miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo alifukuza makocha ishirini na mmoja. Mmoja alifukuzwa asubuhi, akarudishwa mchana, akafukuzwa tena kabla ya mapumziko. Wachezaji walivaa jezi za kijivu, rangi ya ngozi yake. Penalti alipiga yeye, ingawa hakusajiliwa.

Kobe akisema, "Mzee, penalti apige Digidigi," Kiboko anauliza, "Timu ya nani?"

Kobe anajibu, "Yako, mzee."

Digidigi akisema, "Mzee, umekalia kocha," Kiboko anauliza, "Timu ya nani?"

Digidigi anajibu, "Yako, mzee."

Kocha akisema, "Mzee, siwezi kupumua," Kiboko anauliza, "Timu ya nani?"

Na kocha, kutoka chini kule, anajibu, "Yako, mzee."

Ikawa hivyo kila siku, mpaka uwanja mzima ukazoea. Kiboko akiuliza, wanajibu wote. Hata waliokuwa wanakula wanajibu na chakula mdomoni.

Lakini na hili lisemwe. Kabla yake, Radi walikuwa wakipiga kifuu cha nazi. Mpira wa kwanza aliuleta Kiboko. Uwanja aliusawazisha yeye, kwa tumbo lake, akijiburuta kutoka goli hadi goli, buru, buru, buru, siku nane. Na Radi wakifungwa alilia kuliko wachezaji. Ndiyo maana msibani kulijaa. Wengine walikuja kulia, wengine walikuja kuhakikisha.

Jumatano, ndugu wa marehemu akasimama mbele ya waombolezaji. Aliitwa Kiboko Mdogo, ingawa kwa umbo alimzidi marehemu.

"Tunazika kesho saa kumi," akasema. "Kaburi litakuwa uwanjani, kwenye duara la katikati."

Kobe akanyoosha shingo. "Marehemu aliusia hivyo?"

"Aliniambia mimi."

"Lini?"

"Tulipokuwa wawili."

"Bwana mkubwa, Jumamosi ni fainali. Tutacheza wapi?"

"Chezeni pembeni mwa kaburi. Mwakani msije kabisa. Hapa nitachimba bwawa la tope, wafiwa wapate pa kupumzika."

"Wafiwa ni nani?"

"Ni mimi."

Kobe aliondoka hapo kwa mwendo ambao kwake ulikuwa mbio. Alikwenda kwa Nguchiro.

Nguchiro aliwahi kuwa mtunza jezi wa Radi. Alifukuzwa siku Kiboko alipokosa penalti, kwa kosa la kucheka. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna wa kumwondolea: ukoo wake na ukoo wa Kiboko ni watani tangu babu wa babu zao. Mnajua mambo ya watani. Msibani mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaingia kaburini na kukataa kutoka, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Na kwa koo hizi mbili kulikuwa na jambo moja zaidi. Kitu alichotamkiwa mtani akiwa kaburini, mbele ya watu, ni chake. Hanyang'anywi. Kwa kawaida hutamkiwa kuku.

Kobe akamweleza yote, akahema. "Uwanja unakwenda, mtani."

Nguchiro akafikiri. "Wasifu anasoma nani?"

"Kasuku."

"Vizuri. Nitafutie filimbi."

Alhamisi saa kumi, watu walijaa uwanjani. Jeneza lilikuwa kando. Kaburi lilikuwa wazi katikati, refu kama mtaro. Kasuku akasoma wasifu.

"Marehemu aliwapenda sana makocha, ndiyo maana alikuwa nao ishirini na mmoja."

"Mmmh," wakaitikia waombolezaji.

"Marehemu hakuwa na makuu. Alikaa benchi moja na wachezaji wa akiba."

"Juu yao," akasema Digidigi.

"Marehemu hakuwahi kukosa penalti."

Hapo waombolezaji wakatazama chini. Hata Kiboko Mdogo alitazama chini.

Priiii!

Nguchiro huyo! Amevaa koti la marehemu. Mikono ya koti inaburuta, mkia wa koti uko hatua sita nyuma, unakuja wenyewe. Ametanguliza tumbo ambalo hana. Anatembea tipwa, tipwa, tipwa. Akafika kaburini, akatumbukia, chupu! Sauti ikatoka shimoni, nzito, ileile.

"Nani kachimba shimo uwanjani kwangu? Mchimbaji, umefukuzwa!"

Waombolezaji wakaangua kicheko.

"Msoma wasifu, umefukuzwa! Jeneza, unakaa pembeni kwa ruhusa ya nani? Umefukuzwa!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kiboko Mdogo naye akacheka, tumbo likatikisika. Mila ni mila, na koti lilikuwa la kaka yake, na sauti ilikuwa ya kaka yake.

"Timu ya nani?" ikauliza sauti.

"Yako, mzee!" wakajibu wote.

"Sisikii! Timu ya nani?"

"Yako, mzee!"

"Na uwanja wa nani?"

"Wako, mzee!"

Aliyejibu kwa sauti kuliko wote alikuwa Kiboko Mdogo. Miaka kumi na tisa alikuwa akilijibu swali lile. Mdomo ulijibu kabla kichwa hakijaulizwa.

Nguchiro akapanda kutoka shimoni, akajipangusa vumbi. Sauti yake ikarudi kuwa yake.

"Ahsanteni. Nimepokea. Sasa, uwanjani kwangu hazikwi mtu. Watani, mpelekeni marehemu mtoni, alikozaliwa."

Kiboko Mdogo akaacha kucheka. "Mwehu wewe! Nilikuwa namjibu kaka!"

"Kaka yuko kwenye jeneza, pale. Aliyeuliza alikuwa shimoni. Shimoni alikuwa nani?"

"Sikusema!"

Kasuku akakohoa. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Kiboko Mdogo mwenyewe, na mkwaruzo wake: "Wako, mzee! Wako, mzee! Wako, mzee!"

"Basi inatosha!" akasema Kiboko Mdogo. Akamsogelea Nguchiro, akainama, akanong'ona kwa namna ambayo watu wote walisikia. "Mtani. Chukua kuku. Niachie uwanja."

Nguchiro na kuku, mnamjua. Masharubu yalisimama.

"Wangapi?"

"Kumi."

Akameza mate.

"Ishirini. Wanataga."

Nguchiro akafumba macho. Kobe alikuwa anamtazama. Digidigi alikuwa anamtazama.

"Hapana," akasema Nguchiro. Kisha, kwa uchungu, akauliza, "Wanataga kweli?"

"Kila siku."

"Usiniambie zaidi. Hapana. Bebeni jeneza."

Timu nzima ikaingia chini ya jeneza. Haya, hup! Haya, hup! Wakambeba mpaka mtoni, wakamzika ukingoni. Walilia. Kobe alilia zaidi, akasema ni mchanga umemwingia machoni.

Ijumaa wakafanya mazoezi. Shimo lilikuwa bado wazi, wakawa wanalizunguka. Nguchiro alisimama pembeni ndani ya koti. Digidigi akaangushwa, ikawa penalti. Akaweka mpira, akarudi nyuma hatua tano. Alipogeuka, Nguchiro alikuwa amesimama mbele ya mpira.

"Napiga mimi."

"Mtani," akasema Kobe kutoka langoni, "wewe hujawahi kucheza hata dakika moja."

Nguchiro akatanguliza tumbo. "Kobe. Timu ya nani?"

Hakujibu mtu. Kobe akalitazama shimo. Digidigi akalitazama shimo. Ukoo mzima wa Kindi ukalitazama shimo.

"Mtani," akasema Kobe, "hili hatujalifukia."

Nguchiro akalitazama naye. Akavua mkono mmoja wa koti. Akavua wa pili. Akalitupa koti shimoni, akachukua koleo. Chwa, chwa, chwa, mpaka duara la katikati likawa sawa. Hivyo kitu cha marehemu kikabaki katikati ya uwanja, na mpira unaanzishwa juu yake mpaka leo.

Jumamosi Radi walifungwa mbili bila. Walipata penalti moja. Digidigi alipiga, ikatoka nje. Hakufukuzwa mtu. Ila waliokuwa upande wa mtoni waliapa kwamba walisikia sauti nzito ikibisha kuwa haikutoka.

Funzo la ngano hii ni kwamba marehemu asemwe mema tu. Mimi nimemsema mema yote niliyokuwa nayo: mpira, uwanja na machozi. Nimetafuta mengine, sina.

Filimbi ya mwisho imelia. Iliyowafurahisha ni yenu, chukueni. Iliyowaudhi, ni Kasuku aliyenisimulia.