Kiboko Apewa Nafasi Kubwa Kuliko Zote

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na jukwaa!

*Na sisi tumekaa mbele!*

Wa mbele wasiwazibe wa nyuma!

*Wa nyuma wasipige miluzi!*

Nifungue pazia?

*Fungua, tumechoka kungoja!*

Haya basi. Hapo kale, huko Bondeni, wanyama walikuwa na chama chao cha michezo ya kuigiza. Hakikuwa chama cha kulipana. Mchana kila mmoja alikuwa na shughuli zake, huyu anachimba, yule anachuma, na jua likipoa ndipo wanakutana uwanjani kando ya mto. Mwenyekiti alikuwa Mama Twiga. Walimchagua kwa sababu akisimama jukwaani anamwona hadi mtazamaji wa mwisho kabisa anayesinzia.

Kila mwaka baada ya mavuno kulikuwa na tamasha. Kundi la Kilimani linakuja, kundi la Vichakani linakuja, na Bondeni wenyewe wanaonyesha mchezo wao. Siku hiyo watu wanajaa mpaka juu ya matawi.

Chama kilikuwa na desturi mbili, na naomba mzisikie vizuri. Ya kwanza, chakula cha jukwaani ni chakula kweli. Watazamaji wa Bondeni hawana mchezo. Ukitafuna hewa wanakuzomea. Ya pili, aliyekufa jukwaani amekufa. Hii waliipitisha baada ya maiti mmoja kupiga chafya katikati ya mazishi, watoto wakakanyagana. Tangu hapo, maiti akiamka kabla ya pazia kufungwa, msimu mzima hapandi jukwaani. Kazi yake ni kuvuta pazia tu.

Sasa katika chama hicho alikuwemo Kiboko. Mimi simchukii Kiboko, nawaambia mapema. Sauti alikuwa nayo, umbo alikuwa nalo. Tatizo lake, alitaka kila kitu. Nyinyi niulizeni nani alikuwa mfalme.

*Nani alikuwa mfalme?*

Kiboko! Na bwana harusi?

*Kiboko!*

Na hakimu? Kiboko. Na mwizi aliyeletwa mbele ya hakimu? Kiboko vilevile, anahama tu upande. Mwaka mmoja alijifunika ushungi akawa bibi harusi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu ukicheka anapiga mguu chini, dii! na vyungu vinaanguka nyumba ya tatu.

Na chakula cha jukwaani? Wengine hata kunusa hawakunusa. Karamu ikiletwa, mdomo unafunguka, gubu! Sinia limebaki linang'aa.

Mazoezi je? Haji. "Mimi na mazoezi wapi na wapi?" alikuwa akisema. "Mimi nikifika, mchezo umefika." Anakuja siku yenyewe, anasukumwa jukwaani, anasema analotaka, anakula, anaondoka. Hakujua hata nani anafanya nini nyuma yake.

Na nyuma yake walikuwepo watu. Kanga alikuwa mlango. Anasimama na mabawa yamekunjwa, mtu akipita anajisogeza na kusema "nyeee." Mzee Kobe alikuwa jiwe. Mchezo huu jiwe, mchezo ule jiwe, ukiwa wa kifalme wanamtupia kitambaa anakuwa kiti. Kwenye mazoezi, kwa vile Kiboko hayupo, Kobe anakaa peke yake katikati ya uwanja, amejikunja, anangoja mtu ambaye haji.

Siku moja mazoezi yalipokwisha, Pimbi alimkuta bado amekaa pale pale. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo wa miambani, mviringo, hana mkia, na macho yake hayatulii. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga michezo ya chama.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona huendi nyumbani?"

 Kobe alipojibu, sauti ilitoka nyembamba, inakwaruza.

"Sauti yangu inakauka, Pimbi. Mwaka ujao sidhani kama nitakuwa nayo. Nilijiunga na chama hiki nikiwa kijana, nikasema, ipo siku nitasema neno jukwaani. Neno moja tu, watu wanisikie. Halafu sina deni na mtu."

 Pimbi akamsaidia mzee kujinyoosha, akamsindikiza hadi kwake, kisha akarudi mwambani kwake akawaza. Akawaza, akawaza. Halafu akacheka peke yake, kwi kwi kwi!

Kesho yake akateremka mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu zinaonekana.

"Bwana Kiboko! Nimekutungia mchezo wa tamasha."

"Mimi ni nani humo?"

"Wewe ndiye Mkubwa. Mchezo wenyewe unaitwa Mkubwa."

Maji yakatikisika. Kichwa kikatoka. "Naingia lini?"

"Pazia likifunguliwa uko ndani. Likifungwa uko ndani. Hutoki hata mara moja."

"Nakaa wapi?"

"Katikati. Umeandaliwa kitanda, chako peke yako."

"Natembea?"

"Utembee, wewe? Unabebwa!"

"Wengine je?"

"Wengine wote kazi yao ni kukutaja wewe. Wanakulilia mpaka sauti zinawakauka."

"Chakula kipo?"

"Pilau, sufuria zima. Isingekuwa wewe, isingepikwa."

"Kuna atakayenikatiza nikiwa nasema?"

"Hakuna," akasema Pimbi, uso mkavu kabisa. "Naapa. Hakuna atakayekukatiza hata neno moja."

Nawauliza nyinyi, alisema uongo?

*Hakusema!*

Basi. Kiboko akatoka majini anachuruzika, akaenda moja kwa moja kwa Mama Twiga, akasema mbele ya wajumbe wote, "Mkubwa ni mimi, na atakayeitaka nafasi hii apite kwangu kwanza." Mama Twiga alishusha macho akamtazama Pimbi. Pimbi alikuwa anatazama mawingu.

"Mazoezi yanaanza kesho," Mama Twiga akasema.

"Mimi na mazoezi wapi na wapi?" akasema Kiboko, akarudi majini.

Siku ya tamasha ikafika. Kilimani walikuja, Vichakani walikuja. Matawi yalielemewa. Kiboko naye akafika, kama kawaida yake, ngoma zimeshaanza. Nyuma ya pazia wakamvika shuka jeupe.

"Vazi gani hili?" akauliza.

"La heshima," akasema Pimbi. "Hatumvishi kila mtu hili."

Wakamlaza kwenye kitanda. Wakamfunika hadi kidevuni. Wabebaji wanne wa kundi la Vichakani, waliokuja kusaidia, wakajitwisha. Ha-ram-bee! Kitanda kikalia kri, kri, kri. Pazia likafunguliwa, na kilio kikapasuka jukwaani.

"Uwiii! Uwiii! Mkubwa ametutoka!"

Kiboko akafungua jicho moja. Pembeni ya kichwa chake alikaa Pimbi, amejitanda ushungi mweusi, analia kwa mabega.

"Pimbi," akanong'ona Kiboko. "Nani amekufa?"

Pimbi akamwinamia sikioni kwa uchungu, watazamaji wakaona mjane anavyompenda mumewe.

"Wewe."

"Mimi? Nimekufa saa ngapi?"

"Kabla pazia halijafunguliwa."

"Na nitafufuka lini?"

"Likifungwa. Ukiamka kabla, unaijua desturi. Msimu mzima unavuta kamba. Na uliichukua nafasi hii mwenyewe, mbele ya wajumbe. Funga jicho, mume wangu."

Kiboko akafunga jicho.  Amekasirika mpaka masikio yamekuwa ya moto, lakini afanye nini? Watu wote wale wanamtazama! Akakaa amekufa.

Mara ikaletwa pilau. Pilau ya njegere na viazi, bizari imekolea, sufuria lina mvuke. Wakaipitisha hapo hapo juu ya pua yake. Pua zikatanuka zenyewe, fuuu! Tumbo likasema ngurrrrr!

"Maiti ananguruma!" akapiga kelele mtoto mmoja juu ya tawi.

Pimbi akaruka. "Uwiii! Mnasikia? Hata ardhi inamlilia!" Na watazamaji wakajifuta machozi.

Waombolezaji wakala. Kwa mara ya kwanza katika chama kile, wadogo walikula jukwaani. Walikula taratibu, hawaamini. Kanga alishika tonge akaliangalia kwanza, kisha akalia kweli, halafu akala. Kiboko anasikia tu, chap, chap, chap. Akauma meno. Hakuamka. Hapo, jamani, nilimvulia kofia.

Chakula kilipokwisha ukaja wakati wa kumuaga Mkubwa. Kila jirani anasimama pembeni ya kitanda, anasema neno lake. Kanga alisimama akasema, "Kwaheri, Mkubwa, mlango wetu umebaki wazi." Sauti yake iliruka juu kama filimbi, kundi la Kilimani likapiga makofi. Ngedere akasema lake. Digidigi akasema lake, akakimbia kabla ya makofi.

Kisha Mzee Kobe akaja. Alitembea kutoka mwisho wa jukwaa, na nyote mnajua mwendo wa Kobe. Hakuna aliyekohoa. Alikuwa ameandikiwa maneno haya tu, "Kwaheri, jirani, usafiri salama," na kwenye mazoezi aliyasema mpaka yakalainika.

Akafika kitandani. Akainua shingo. Akafungua kinywa.

Kimya.

Maneno yalikuwa yamemkimbia. Pimbi akanong'ona chini ya ushungi wake, "Kwaheri, jirani," lakini mzee hakusikia.  Watazamaji wakaanza kutazamana, na Pimbi akajisemea moyoni, nimemuua mzee wa watu mbele za watu.

Ndipo Kobe akasema.

"Kiboko, ndugu yangu. Mimi ndiye jiwe."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja mzima uliisikia.

"Ulipokuwa mfalme, ulinikalia. Ulipokuwa hakimu, ulinikalia. Gamba likilia nilikuwa nabana pumzi, nisije nikakuharibia maneno yako. Sikukuchukia. Nilikuwa nakusikiliza kutoka huko chini, na ulikuwa unaigiza vizuri kuliko wote. Ila kila ukiinuka nilikuwa nangoja ugeuke. Nilitaka ujue tu kwamba hapo ulipokaa kulikuwa na mtu."

 Akaanza kugeuka aondoke.

Shuka likasogea. Pimbi akalikandamiza kwa mikono miwili, "Kaa chini! Kamba! Utavuta kamba!" Wapi! Kiboko aliinuka akakaa kitako, mzima mzima, shuka limemning'inia kichwani, na pazia bado liko wazi.

"Mzee Kobe," akasema. "Lile jiwe lilikuwa wewe?"

"Lilikuwa mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Uwanja ukalipuka. Nusu ya Kilimani ilikimbia hadi mtoni, wengine walidondoka kutoka kwenye matawi, puu! puu! puu! Watoto waliobaki walishangilia mpaka wakapaliwa. Kiboko hakuwaona. Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye mashavu yale makubwa.

"Sikujua," akasema. "Pole, mzee wangu. Pole sana. Sikuwahi kuuliza."

Pilau haikumwamsha. Kuna aliyedhani lipo jambo lingine la kumwamsha? Hata Pimbi, mwenye akili zake zote, hili hakulipanga. Alibaki amekaa na ushungi wake mweusi, mdomo wazi.

Mama Twiga akashusha shingo. "Bwana Kiboko, desturi unaijua."

"Naijua," akasema Kiboko. "Nimeamka mwenyewe. Leteni kamba."

Akaenda akalifunga pazia kwa mkono wake, polepole, na nyuma ya pazia akambeba Mzee Kobe begani akampeleka kwake. Njiani Kobe alimwambia yale maneno aliyoyasahau jukwaani. Sauti ilimwishia kabla hawajafika, na mzee hakujali hata kidogo. Alikuwa anatabasamu tu.

Msimu ule Kiboko alivuta kamba. Alifika kwenye mazoezi wa kwanza, akatoka wa mwisho. Na akapata tabia moja mpya. Kabla hajakaa popote, anainama, anauliza, "Samahani, kuna mtu hapa?" Anauliza viti. Anauliza vinu. Siku moja Pimbi alimkuta mtoni ameinamia jiwe, jiwe kweli, la kawaida, lina ukungu.

"Samahani," Kiboko anasema, "kuna mtu hapa?"

Jiwe likanyamaza. Kiboko akangoja, akangoja. Halafu akaona bora asimame tu.

Sasa funzo. Najua mnangoja funzo. Funzo ni kwamba mazoezi ni kupoteza muda. Mtazameni Kiboko! Hakuja mazoezini hata siku moja, akapewa nafasi kubwa kuliko zote, akalazwa kitandani, akabebwa na wanne, akaliliwa na bonde zima. Kanga alikuja kila siku, akapata nini? Tonge la pilau. Kwa hiyo watoto, kesho msiende mazoezini. Lakini mkiitwa kuigiza maiti, msije kuniuliza mimi.

Pazia langu limechoka.

*Lifunge likalale!*

Ukoko wa pilau alikula Pimbi.

*Na sisi je?*

Nyinyi rudini nyumbani, na mkifika, angalieni mnapokaa.