Pishi Nane za Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, Bi Pimbi mjane alilima kunde katika shamba la Bwana Mbogo. Mapatano yao yalikuwa yale yale ya kijiji kizima: mavuno hugawanywa mafungu matatu, mwenye shamba huchukua mawili, mlimaji moja.

Mwaka mmoja zilipatikana pishi kumi na mbili. Nane zilikuwa za Mbogo, nne za Pimbi. Mbogo akajitia huruma. Alisema anajua Pimbi ana watoto watatu na kiangazi kinakuja, kwa hiyo fungu lake atalizidisha kwa nusu. Pimbi aliposikia neno kuzidisha, alipiga magoti akamshukuru.

Mbogo akaweka kwato juu ya pishi ya kupimia mbele ya mashahidi wawili, Fisi na Ngiri. Desturi ya pale ilikuwa hivyo: neno lililosemwa juu ya pishi halirudi. Kisha akapima, pwaa, pwaa. Mbili tu.

"Nne mara nusu ni mbili, mama," alisema. "Kwani wewe hukusoma?"

Fisi alicheka hadi akakaa chini. Ngiri hakucheka, akatazama pembeni. Pimbi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Pishi mbili hazikumaliza kiangazi. Mtoto wake wa mwisho, Sikudhani, hakuiona mvua.

Baada ya matanga, Pimbi alikwenda kwa Mwalimu Karunguyeye, aliyefundisha watoto wa wanyama. Hakuombwa malipo. Alitengewa nafasi nyuma ya darasa, na mtoto aliyethubutu kumcheka mama mzima alisimamishwa nje. Karunguyeye alikata muhogo, akaunga, akakata tena, mpaka Pimbi akaelewa kwamba kuzidisha si kuongeza siku zote, na kugawanya si kupunguza siku zote.

Mavuno yakaja tena. Pishi kumi na mbili, kama mwaka uliopita. Pimbi alikuja ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Mbogo. Naomba mwaka huu usinizidishie. Kuzidishiwa kumenitia hofu."

"Marahaba. Sasa unatakaje?"

"Nigawanyie tu fungu langu kwa nusu. Mimi mdogo, nitaridhika."

Mbogo alimtazama Fisi, Fisi akauma mdomo asicheke. Kuzidisha kwa nusu, kugawanya kwa nusu, si mamoja hayo? Mbili ni mbili. Upesi upesi akaweka kwato juu ya pishi, akatamka: fungu la Pimbi litagawanywa kwa nusu, na litakalopungua litaingia kwenye fungu lake yeye Mbogo, na litakalozidi litatoka humo humo.

Akapima mbili, akajipangusa vumbi.

"Bado, bwana," alisema Pimbi. "Kugawanya hurudisha kilichozidishwa. Mwaka jana nne ulizizidisha kwa nusu zikawa mbili. Hizo mbili ukizigawanya kwa nusu, zinarudi ngapi?"

"Nne," alidakia Fisi, maana alipenda kujionyesha msomi.

"Ahsante, baba. Na nne zenyewe je? Ni ngapi zikizidishwa kwa nusu huwa nne?"

"Na..." Fisi akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshachungulia.

Mbogo akakoroma, akapiga kwato chini, vumbi likatimka. Alisema hiyo si hesabu, ni uchawi. Ndipo Ngiri akasimama.

"Ni nane," alisema. "Nawe umeapa juu ya pishi. Mwaka jana nilinyamaza, na mtoto akazikwa. Leo sinyamazi."

Mbogo akapima nane, moja moja, hakumtazama mtu. Zake zikabaki nne. Ngiri akamsaidia Pimbi kubeba hadi mlangoni, akakataa hata kukaribishwa maji.

Jioni hiyo kunde zilichemka, tokotoko, chungu kikijaa kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Binti mkubwa akashika upawa.

"Mama, nigawe kwa wangapi?"

"Kwa wanne," alisema Pimbi.

Watoto wakamtazama. Pimbi akachukua bakuli dogo kuliko yote, akalifuta, akalifudikiza kando ya jiko.

"Kwa watatu," alisema.

Basi, wanangu, hadithi imetua hapo, nalo fundisho lake ni hili: hesabu usiyoijua, mwenzio atakuhesabia.