Orodha ya Majina ya Sultani Faki

Palikuwa na Sultani, Faki bin Makame wa Pangale, aliyetaka majina ya watu wote yatafutwe kwa orodha moja ya mahali pa kutafuta. Akaamuru: barua au amri yoyote yenye jina fupi, lisilo na la baba, ikitolewa popote nchini, mwenyewe atafutwe kwanza ndani ya kasri, kisha mitaa ya Pangale, na mji ilikotolewa uwe wa mwisho. Aliyeitunga orodha hiyo alikuwa Waziri wake, Kombo bin Ame.

Huko Kikwale alikuwako mshona ndara, Kombo bin Shaha, maskini mwenye ulimi mkali. Alikuwa amemposa Mize binti Khatibu, jirani yake wa mlango wa tatu. Mzee Khatibu akajibu kwa maandishi, kama ilivyo desturi: "Kombo, posa tumeikubali. Njoo Ijumaa ufunge ndoa. Usipotokea, tutampa mwingine."

Tarishi akaipita milango mitatu, akatembea siku nzima, akaikabidhi barua kasrini kwa Waziri Kombo. Aliporudi akamsimulia mshona ndara. Alhamisi asubuhi mshona ndara akawa mbele ya Sultani.

"Maulana, nimeifuata barua yangu."

"Barua ya Kombo imefika kwa Kombo. Unalalamikia nini?"

"Imefika kwa Kombo mwenye wake watatu, Maulana. Mimi sina hata mmoja."

Baraza likacheka. Waziri hakucheka. Aliyeifungua barua ile ni mkewe mkubwa, na tangu siku hiyo Waziri alikuwa akilala sebuleni.

"Orodha ni moja," akasema Waziri. "Kila mji ukijiamulia, nchi itakuwa na orodha mia."

"Na iwe nazo, Bwana Waziri. Kikwale ukiita Kombo, hata mbuzi wanatazama kibandani kwangu."

"Na mgeni, atajuaje?"

"Mgeni ataandika Kombo bin Shaha, mshona ndara wa Kikwale, na barua itanifikia hata ikianzia wapi. Jina kamili halina haja ya orodha. Hili fupi tuachieni wenyewe."

"Basi Khatibu angeliandika kamili!"

"Mlango wa tatu, bwana? Kwani wewe nyumbani kwako unaitwa na jina la babako?"

"Siku hizi haitwi kabisa," akasema Sultani, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Cheka, Maulana," akasema mshona ndara, "lakini muhuri ulio chini ya orodha hiyo ni wako."

Kicheko kikakatika. Sultani akasimama.

"Mshona ndara anifundishe kutawala? Amri yangu haibadiliki hata nukta! Askari! Kombo apigwe viboko ishirini, hapa hapa, sasa hivi!"

Askari wawili wakamkamata mshona ndara mikono.

"Taratibu, ndugu zangu," akawaambia. "Mnataka kuvunja amri mbele ya mwenyewe?" Kisha akamgeukia mtu aliyekaa kuumeni kwa Sultani.

"Bwana Waziri, vua joho. Tunaanzia kasrini."