Idhini ya Baraza

Hapo zamani, katika mji ambao sitautaja jina, maana wajukuu wa waziri wake wangali hai na ni wagomvi, palikuwa na maskini mmoja akiitwa Shekuwe. Huyo hakuwa na kazi ila maneno. Mwenye kazi alikuwa mkewe, Mwanaidi, aliyepika kaimati uani na kuziuza mlangoni pake, na nyumba nzima ikila kwa karai lile moja.

Basi nyumba hiyo ilipakana na ya waziri, na waziri alikuwa mtu wa uturi na udi. Moshi wa kaimati ukamwingia kwenye kanzu, akaenda kumlalamikia Sultani, na Sultani, asiyependa kelele za asubuhi, akaamuru ipigwe mbiu: mtu asifanye biashara nyumbani mwake ila kwa idhini ya baraza, atakayekaidi, vyombo vyake vitatwaliwa na mlango wake utapigwa misumari.

Mwanaidi aliposikia akalia sana, kwani wanawe hawakuwa na riziki nyingine. Akamwambia mumewe kwamba ulimi wake umekaa bure siku nyingi, sasa nao ukafanye kazi. Shekuwe akaenda kwenye baraza la Sultani, akaomba idhini kwa adabu zote. Wazee wa baraza wakatazamana, wakatafuna tambuu, wasiseme ndiyo wala la. Akarudi kesho yake, ikawa ni tambuu tu. Na tambuu za wazee wale, jamani, hazikuwa na mwisho.

Akaenda zake nyumbani, akamwambia mkewe, "Washa moto. Idhini tumepata."

Harufu ya kaimati haijafika hata kona ya mtaa, askari wamekwisha fika. Wakamchukua Shekuwe na karai mpaka mbele ya Sultani.

Sultani akauliza, "Ewe Shekuwe, nani aliyekupa idhini?"

"Baraza, bwana wangu."

Waziri akaapa kwamba baraza halikutamka neno.

"Ni kweli," akasema Shekuwe, "halikutamka. Niliuliza baraza langu la mawe, lile la nje ya mlango tunalokalia jioni. Nililiuliza kwa upole, likanyamaza. Nami nakumbuka siku ya arusi yangu, kadhi alimwuliza Mwanaidi kama ameniridhia, naye akanyamaza, kadhi akasema huyu ameridhia, tukaozwa. Ikiwa kunyamaza si idhini, bwana kadhi huyu hapa, atuambie mimi na Mwanaidi tumekuwa tukiishi vipi."

Kadhi akainamia tasbihi yake, maana nusu ya waliokaa pale aliwaozesha vivyo hivyo.

Sultani akauma mdomo asicheke, akasema, "Mpumbavu wewe. Nilisema baraza hili langu, la watu wenye akili, si mawe ya mlangoni kwako."

"Niwie radhi, bwana wangu. Hili nalo niliuliza, likanyamaza vilevile. Nikashindwa kujua lipi ndilo la mawe."

Hapo Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akawageukia wazee, akawauliza, "Mnasemaje, huyu apewe idhini?"

Wazee walikuwa wamejaza tambuu vinywani, na aibu juu yake; hakuna aliyeweza kufumbua mdomo. Waziri naye akatafuta pa kutema, asipaone.

"Basi wameridhia," akasema Sultani. "Mrudishieni karai lake."